KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Klachi ya Pikipiki Kuukuu

Mwezi uliopita tulizungumza habari za mnyororo, jinsi ya kuusafisha na kuutia mafuta. Mwezi huu twataka kusema juu ya klachi, maana katika viungo vyote vya pikipiki iliyozeeka hakuna kinachosingiziwa kuliko hiki. Pikipiki ikikosa nguvu mlimani, watu husema, "Klachi imekufa." Gia zikilia wakati wa kuingizwa, husema neno lilo hilo. Basi mwenye nyumba hutoa fedha alizoziweka kwa ajili ya karo ya watoto, hununua pleti mpya, fundi hufungua na kufunga, na baada ya majuma mawili ugonjwa umerudi. Pleti za kale zilikuwa nzima. Zimetupwa jalalani nazo hazikuwa na kosa lo lote. Kwa hiyo twaona yafaa kila mwalimu na kila mtu mwenye pikipiki ajue kuikagua klachi yake mwenyewe, akianzia mkononi na kuishia ndani ya injini, wala si kinyume chake. Mambo ya mkononi hayagharimu kitu. Mambo ya ndani ya injini hugharimu.

Pikipiki tutakayoitwaa kuwa mfano ni Honda CG125. Kampuni ya Honda ilianza kuitoa mwaka 1976, nayo ilikusudiwa hasa watu wa nchi ambazo barabara zake ni mbaya, mafundi ni wachache, na pikipiki haipewi siku ya kupumzika. Injini yake ni rahisi kuelewa: vali zake husukumwa na vijiti, wala hamna mnyororo wa ndani wa kulegea na kupiga kelele. Viwanda vya China viliiga injini ile, na leo pikipiki nyingi za kuchukulia abiria katika Kenya, Tanzania na Uganda zina injini za ukoo huo. Basi aijuaye klachi ya CG hatakuwa mgeni kabisa mbele ya klachi nyingine. Hatusemi kwamba zote ni sawasawa. Penye kipimo, kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Na kama kitabu kimepotea, mwombe mwenye pikipiki ya namna yako akuazime chake, ukanakili vipimo katika daftari.

Kwanza tueleze klachi ni kitu gani. Injini ikisha kuwaka haitaki kusimama; gurudumu nalo mara husimama, mara huenda. Hapana budi kiwepo kitu katikati cha kuwaunganisha na kuwaachanisha hawa wawili. Katika pikipiki hizi, ndani ya kifuniko cha upande wa kuume mna bakuli la alumini lenye mapengo ubavuni, nalo huzungushwa na injini. Katikati ya bakuli mna kitovu, nacho huzungusha gia, na gia huzungusha mnyororo. Baina ya bakuli na kitovu zimepangwa pleti, moja juu ya moja kama chapati katika sahani. Pleti za namna ya kwanza zina meno upande wa nje yaingiayo katika mapengo ya bakuli, na nyuso zake zimebandikwa kitu kigumu chenye kushika. Hizi tutaziita pleti za kushika. Za namna ya pili ni chuma kitupu, nazo zina meno upande wa ndani, zikishikana na kitovu. Springi huzibana zote pamoja, ndipo zinapozunguka kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, springi huminywa, pleti huachana kwa nafasi ndogo sana, na injini huzunguka peke yake. Na mambo haya yote hufanyika ndani ya oili. Neno hili la oili mlikumbuke, maana tutalirudia.

Klachi ina magonjwa mawili tu, nayo ni kinyume kimoja cha mwenziwe. La kwanza ni kuteleza: pleti hazishikani vema. La pili ni kunata: pleti hazitaki kuachana. Asiyeyatenga magonjwa haya mawili hutibu asilolijua. Ukitaka kujua kama yateleza, panda kilima kisicho kirefu mno kwa gia ya juu, injini ikiwa imepata moto, ukaongeze petroli kwa nguvu. Sauti ya injini ikipanda upesi na mwendo usipande pamoja nayo, yateleza. Ukitaka kujua kama yanata, simama mahali tambarare, injini ikiwaka, vuta mkono wa klachi mpaka mwisho, ukaingize gia ya kwanza. Pikipiki ikiruka mbele au ikitambaa kama mtoto, au injini ikizimika, yanata. Dalili yake nyingine ni kwamba ukiwa umesimama huwezi kuipata gia tupu, mpaka uizime injini kwanza.

Pikipiki iliyolala miezi mitatu ghalani huweza kunata asubuhi ya kwanza pasipo ugonjwa wo wote. Oili imekauka baina ya pleti, nazo zimegandamana. Usiiwashe kwanza. Ingiza gia, vuta mkono wa klachi, ukaisukume mbele na nyuma mpaka uone gurudumu limekuwa jepesi. Kisha iwashe kama desturi.

Sasa tuanzie mkononi. Shika mkono wa klachi kwa vidole viwili, uvute polepole. Mwanzo utakuja bila uzito. Kisha utausikia umeanza kuwa mzito, hapo springi zinapoanza kuminywa. Ile sehemu ya kwanza isiyo na uzito ndiyo tunayoiita ulegevu. Honda katika vitabu vya pikipiki zake ndogo husema ulegevu uwe milimita 10 hadi 20, ukipimwa kwenye ncha ya mkono. Baadhi ya Yamaha za zamani hupimwa mahali pengine, karibu na kiungo cha mkono, nazo hutaka milimita 2 hadi 3 tu. Basi angalia ni wapi unapotakiwa kupima kabla hujapima. Twaa rula ya mtoto wa shule, inatosha.

Ulegevu huu wengine huuona kuwa uchakavu, nao hupenda kuukaza mpaka uishe, wakisema mkono umekuwa "safi." Hilo ndilo kosa linaloua klachi nyingi kuliko mwendo wenyewe. Ulegevu ukiisha, waya huzivuta springi mchana kutwa, hata wakati mkono hujaugusa. Pleti hazibanwi kwa nguvu zake zote. Huteleza kidogo, huota moto, na kile kitu chenye kushika huungua kikawa laini kama kioo. Ulegevu ukizidi nao ni taabu: unavuta mpaka mwisho, na pleti bado hazijaachana. Hapo gia hulia, na mwenye pikipiki huzilaumu gia.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kadiri pleti zinavyopungua unene, ulegevu hupungua. Kadiri waya unavyovutika na ganda lake linavyobonyea, ulegevu huongezeka. Mambo haya mawili huenda kinyume, na mara nyingine hufichana. Pleti zimekwisha na waya umevutika, lakini mkononi waona sawasawa. Kwa hiyo andika katika daftari kila siku ulipoukaza au kuulegeza, na kwa upande gani. Mkono unaotaka kulegezwa mara kwa mara unakuambia ya kwamba pleti zinaisha. Ule unaotaka kukazwa mara kwa mara unakuambia ya kwamba waya u karibu kukatika.

Kurekebisha ni hivi. Pana mahali pawili: juu, karibu na mkono, pana skrubu ndogo ya kuzungushwa kwa vidole, na chini, karibu na injini, pana skrubu kubwa yenye nati mbili. Ya juu ni ya marekebisho madogo, ya chini ni ya makubwa. Ikiwa ya juu imetoka nje sana, karibu kuchomoka, usiendelee nayo. Irudishe ndani yote, kisha uitoe mizunguko miwili. Nenda chini, legeza nati ya kufungia, zungusha ile nyingine mpaka ulegevu uwe karibu na kipimo, ukakaze. Halafu rudi juu ukamalizie. Mwisho, washa injini ikiwa gia tupu, ukageuze usukani kuume hata mwisho, na kushoto hata mwisho. Injini ikibadili sauti au mkono ukikaza wenyewe, waya umepita njia mbaya nao unavutwa na usukani. Utafutie njia iliyo pana.

Sasa waya wenyewe. Uchomoe upande wa juu, ukatazame kichwa chake cha risasi, mahali kinapoungana na nyuzi. Hapo ndipo unapokatikia karibu daima. Ukiona uzi mmoja umekatika na kusimama kama unywele, usisafiri nao. Nyuzi zilizobaki zitaufuata upesi. Kama ni mzima, utie oili. Utundike wima, ufanye mfano wa kikombe kidogo kwa kipande cha nailoni kilichofungwa juu ya ganda, ukatie oili nyepesi tone kwa tone, mpaka uione ikitoka chini. Ikitoka nyeusi, endelea mpaka itoke safi. Kazi hii huenda ikachukua usiku mzima, lakini oili hufanya kazi yenyewe nawe umelala. Ila nyaya nyingine za siku hizi zina bomba la nailoni ndani yake. Hizo hazihitaji oili. Tena paka grisi kidogo kwenye kile kichwa cha risasi na kwenye bolti ya mkono, ndipo kichwa kipate kuzunguka. Kisipozunguka, waya hukunjwa kila unapovuta, nao hukatika mahali pamoja.

Waendao safari ndefu wana ujanja mzuri: hununua waya wa pili mapema, huutia oili, kisha huulaza kando ya ule wa kwanza kutoka usukani hata injini, wakiufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, ncha zake zikizibwa uchafu usiingie. Wa kwanza ukikatika porini, wa pili umekwisha pita njia yake. Kazi iliyobaki ni kuunganisha ncha mbili, dakika kumi tu. Mwalimu mwenye shule tatu za kuzungukia na mto katikati hatajuta kufanya hivyo.

Mkono umekwisha kuwa sawa, waya ni mzima, na bado klachi yateleza? Hata sasa usifungue. Ulizia oili.

Tulisema pleti zinaishi ndani ya oili. Katika CG, na katika pikipiki karibu zote zisizochanganya oili na petroli, ni ile ile oili moja, karibu lita moja, inayolainisha injini, gia na klachi pia. Oili za magari ya leo nyingi zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, ili gari litumie petroli kidogo. Ni oili njema kwa gari, kwa kuwa klachi ya gari kwa kawaida ni kavu, haiogi katika oili ya injini. Lakini klachi ya pikipiki yataka msuguano. Ndio uhai wake. Ukiipa oili ya kuteleza, itateleza. Kwa sababu hiyo Wajapani mwaka 1998 waliweka kanuni iitwayo JASO T903, na mwaka 2006 wakaongeza madaraja. Tazama nyuma ya chupa: ukiona JASO MA, au MA1, au MA2, oili hiyo yafaa kwa klachi iogayo. Ukiona MB, iache. Ni ya pikipiki zisizo na klachi ya namna hii. Chupa nyingine za oili ya gari zina alama ya duara, na nusu ya chini ya duara ina maneno ya Kiingereza ya kusifu kwamba oili hii huhifadhi nishati. Sifa hiyo kwako ni onyo. Unene wa oili ni jambo jingine, nao umeandikwa katika kitabu chako. Wala usifikiri ya kwamba unene ukiwa sawa basi oili ni sawa.

Mwalimu mmoja wa bara alinunua oili ya gari kwa kuwa chupa ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nafuu. Baada ya siku chache pikipiki ikakataa mlima wa shuleni kwake. Akaenda kwa fundi, naye hakumwuliza habari za oili. Akamwuzia pleti mpya, akazifunga, akarudisha humo oili ile ile. Pleti mpya zikateleza kama za kale. Ndipo jirani yake, dereva wa zamani, alipomwambia aimwage. Aliimwaga ikiwa moto, akatia iliyo halali, akaitumia siku chache, akaimwaga na hiyo, akatia nyingine. Klachi ikashika. Bahati yake alikuwa hajazitupa pleti za kale. Alizipima akaziona bado zina unene wa kutosha, akaziweka akiba. Lakini fedha za pleti mpya hazikurudi.

Wenye pikipiki zichanganyazo oili na petroli, kama Yamaha DT au Suzuki A100, wasidhani ya kwamba oili ile ichomekayo ndiyo iendayo kwenye klachi. Gia na klachi zao zina oili yake peke yake, katika chumba chake, yenye tundu lake la kutilia na bolti yake ya kumwagia. Kwa kuwa haichomeki wala haipungui, husahauliwa miaka. Tumeona iliyotoka kama uji wa ulezi.

Basi, kama umefanya hayo yote na klachi bado yateleza au yanata, sasa fungua. Chagua siku isiyo na haraka, mahali penye nuru, mbali na jiko. Na kwa kuoshea tumia mafuta ya taa, si petroli. Tandika nguo safi chini. Imwage oili ikiwa vuguvugu, uikusanye katika dumu. Isimwagwe karibu na kisima wala shambani, na mikono ioshwe kwa sabuni, maana oili iliyotumika hudhuru ngozi.

Utaondoa kiki, utachomoa waya, na huenda ukaondoa kikanyagio. Skrubu za kifuniko zina urefu mbalimbali. Twaa kipande cha boksi, chora umbo la kifuniko, toboa matundu, na kila skrubu iingie katika tundu la mahali pake. Skrubu ndefu ikiingizwa penye fupi yaweza kuvunja injini. Zikiwa ni za msalaba, jueni ya kwamba msalaba wa Kijapani si sawa kabisa na ule wa bisibisi za kawaida, na kwa hiyo vichwa huharibika. Azima bisibisi ile ya kugongwa kwa nyundo, au bisibisi ya kipimo cha Kijapani. Kifuniko kisitolewe kwa kuchokonolewa na patasi. Kigonge kando kwa nyundo ya mpira mpaka kiachie.

Mbele yako utaona bolti ndogo, nne katika klachi nyingi za namna hii, zikiwa juu ya springi. Zilegeze kwa kupokezana, nusu mzunguko moja, nusu mzunguko ile inayoielekea, mpaka springi zote zitue pamoja. Katika Honda ndogo kazi haijaisha hapo, kwa maana sahani ya kubana iko nyuma ya pleti. Sharti kitovu kitoke, nacho kimefungwa kwa nati ya duara yenye mapengo manne. Nati hii yataka spana yake maalumu. Mafundi wengi huipiga kwa patasi na nyundo, na mapengo huliwa mpaka yakawa mviringo, na vipande vya chuma huanguka ndani. Kama huna spana yake, twaa boksi ya spana iliyochakaa ya ukubwa huo, ukaichonge kwa tupa mpaka ibaki na meno manne. Ni kazi ya saa mbili, lakini utakuwa nayo maisha yako yote, na majirani watakuja kuiazima. Ili kitovu kisizunguke, ingiza gia ya juu kabisa, na mtu mwingine alishike gurudumu la nyuma kwa breki.

Toa pleti moja moja, ukazipange juu ya nguo kwa utaratibu ule ule zilivyotoka. Hapa twasema neno la hadhari. Pleti za kushika za miaka ya zamani huenda zina asbesto, na Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba asbesto ya kila namna huleta saratani. Zioshe zikiwa na maji maji ya mafuta ya taa. Usizipige msasa zikiwa kavu, usizipulize kwa kinywa wala kwa pampu, na watoto wasizichezee.

Sasa pima. Unene wa kila pleti ya kushika upimwe kwa kalipa mahali pachache kuizunguka, ukalinganishwe na ukomo wa kitabu. Moja ikiwa chini ya ukomo, badilisha zote. Pleti za chuma ziweke juu ya kipande cha kioo kilichonyoka, moja moja, ukajaribu kupenyeza jani jembamba la kipimo chini yake. Katika vitabu vya Honda ndogo ukomo ni milimita 0.2, jani la unene huo likipenya, pleti imepinda, nayo ndiyo iletayo kunata. Pleti iliyogeuka rangi ya samawati imeungua. Springi nazo zipimwe urefu zikiwa huru, maana springi iliyochoka hufupika. Springi hazina bei kubwa, na mara nyingi ndizo zilizokuwa zikitakiwa, si pleti.

Usisahau bakuli. Tazama kingo za yale mapengo. Meno ya pleti huzigonga miaka mingi na kuchimba vishimo vidogo kama ngazi. Ukivuta klachi, meno hunaswa katika vishimo hivyo, pleti haziwezi kuteleza kando, na klachi hunata hata zote zikiwa mpya. Hapo ndipo watu hubadilisha pleti mara tatu bila kupona. Vishimo vikiwa vidogo, visawazishe kwa tupa laini, ukiondoa kidogo tu na kwa usawa pande zote, kisha osha unga wote wa alumini. Vikiwa virefu, bakuli limekwisha, tupa haitalifufua.

Pleti mpya za kushika zilale katika oili safi usiku mmoja kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu huweza kuungua mwendo wa kwanza. Tumia kopo la zamani kwa kazi hiyo. Sufuria ya mama wa nyumba isiguswe. Kisha zipange kwa kupokezana, ukianza na ya kushika na kumaliza na ya kushika.

Zile bolti ndogo za springi zataka nguvu kidogo tu, na katika kufunga ndipo zinapokatwa vichwa. Zenye unene wa milimita 6 hukazwa kwa nguvu ya kama Nm 10. Asiye na spana ya kupimia nguvu afanye hivi: pikipiki ikisimama wima, kaza kwa mkono, kwa kupokezana, mpaka bolti itulie. Kisha elekeza mkono wa spana kuumeni kwako, ukae sawa na ardhi, ukatundike juu yake dumu la maji ya lita 5, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti. Uzito huo kwa umbali huo ndio karibu Nm 10. Dumu likishuka, rudisha spana juu ulitundike tena. Likikataa kushuka, bolti imekaza, wala usiongeze.

Safisha mahali pa gasketi kwa kipande cha mti, weka gasketi mpya, rudisha kifuniko, tia oili ya JASO MA kwa kipimo, ukarekebishe ulegevu tangu mwanzo kama tulivyoeleza, maana pleti mpya ni nene nao umebadilika. Siku za kwanza usibebe mizigo mizito, wala usisimame mlimani kwa kuishikilia pikipiki na klachi nusu, shika breki. Baada ya kilomita 500 pima ulegevu tena, kwa kuwa pleti mpya hukaa mahali pake na kuupunguza. Mwezi ujao tutasema habari za breki za ngoma.